Niliyojifunza kwa Kuwakosea Samaki wa Tangi Langu la Matumbawe

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufuga samaki wa maji ya chumvi nilinunua samaki 12. Wanane walikufa, mmoja nilimgawa kwa kuwa hakuna mwenzake aliyeweza kuishi naye, na watatu tu ndio walioingia mwaka wa pili. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba nilikuwa na bahati mbaya, kisha nikasema kwamba maji yalinishinda, lakini daftari langu la vipimo lilinisuta: chumvi ilikuwa sawa, joto lilikuwa sawa, na amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, haikuonekana. Samaki wale hawakuuawa na maji. Waliuawa na wenzao, au na ugonjwa ulioletwa na mwenzao, au na njaa mahali ambapo chakula chao hakikuwapo; na aliyewachagulia wenzao na mahali hapo ni mimi.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye maji ya tangi lake yametulia, matumbawe machache yameshika, na sasa amesimama mbele ya vioo vya muuzaji akiwa na fedha mkononi na rangi nyingi machoni. Hapo ndipo nilipoharibu. Tangi langu ni la lita 240, lenye urefu wa sentimita 120, na mawe yake niliyapanga katikati kama kilima kimoja kirefu, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu lilichangia madhara yaliyofuata. Uzito wa maji ya chumvi, ukilinganishwa na wa maji matamu, niliuweka 1.025, joto kati ya nyuzi 25 na 26, na nilisubiri wiki tano hadi bakteria walipoongezeka wakavunja sumu za amonia na nitriti, zikapotea kabisa kwenye vipimo. Subira niliyokuwa nayo kwa bakteria nisiowaona ndiyo niliyoikosa kwa samaki niliowaona.

Nilianza na samaki watatu wa aina ya Dascyllus aruanus, weupe wenye mistari mitatu mipana myeusi, kila mmoja akiwa mdogo kama kucha ya kidole gumba. Muuzaji aliniambia kwamba samaki hawa hawafi ovyo, na alisema kweli. Ambacho mimi sikumuuliza ni jinsi wanavyoishi. Baharini hukaa kwa makundi kuzunguka tumbawe lenye matawi, na ndani ya kundi kuna ngazi: mkubwa humkemea anayemfuata, naye humkemea wa chini yake, na anayezidiwa huweza kujichimbia ndani ya matawi au kuhamia kwingine. Kwenye tangi langu hakukuwa na kwingine. Siku ya kumi na tisa nilimkuta mdogo kuliko wote amelala ubavu nyuma ya pampu, mapezi yamechanika hadi shinani. Wa pili aliishi mwezi mmoja zaidi. Aliyebaki aliyatwaa mawe yote, kutoka ukingo hadi ukingo, akawa anaushambulia hata mkono wangu nilipouingiza kusafisha kioo.

Mwezi wa pili, kabla hata yule wa kati hajafa, nilileta klauni wawili, samaki wadogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, wa aina ya Amphiprion ocellaris. Walikuwa wapole, na kwa kuwa walifika nyuma, walikuwa wageni katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ameshahesabu kila tundu. Waliishi wiki sita wakiwa wamebanana kwenye kona ya juu, chini ya bomba la maji yanayorudi, wakishuka wakati wa chakula tu na kurudi mbio. Nilijifariji kwamba watazoeana. Neno hilo limenigharimu kuliko jingine lolote, kwa sababu samaki mwenye eneo lake hana haja ya kumzoea mgeni: humfukuza mpaka aondoke, na kwa kuwa ndani ya kioo hakuna pa kuondokea, huendelea kumfukuza mpaka afe. Kuna ukali wa siku mbili tatu za kutambuana ambao hupita wenyewe, na nimeushuhudia mara nyingi. Lakini mgeni akiwa hali chakula kufikia siku ya nne, au mapezi yake yakiwa yanapungua badala ya kupona, hakuna kuzoeana kunakoendelea hapo, na kila siku ya kungoja ni ya hasara kwake.

Nilipoamua kumtoa mbabe yule nilidhani nyavu mbili zingetosha. Baada ya saa nzima ya kumkimbiza nilitoa theluthi mbili za maji nikayatia kwenye ndoo, nikafumua kilima cha mawe jiwe moja baada ya jingine, nikavunja matawi ya tumbawe moja na kuling'oa jingine lililokuwa limeshika vizuri, nikamkamata jioni nikiwa nimelowa hadi mabegani. Baadaye mfugaji mwenzangu alinionyesha njia ya upole. Chupa angavu ya plastiki hukatwa shingo, shingo ikageuzwa na kuingizwa ndani kama mlango wa dema, kisha chakula huwekwa humo kwa siku kadhaa bila kumkamata mtu, mpaka samaki aone chupa ile ni sehemu ya mazingira yake. Siku ya nne au ya tano huingia mwenyewe, na chupa huinuliwa bila jiwe hata moja kusogezwa. Ningejua hivyo mapema, matumbawe yale yangekuwa hai hadi leo.

Klauni, kwa upande wao, waliponea, na sikuwa nimestahili bahati hiyo. Klauni wote huanza wakiwa madume; katika kundi, mkubwa kuliko wote hugeuka jike, na anayemfuata kwa ukubwa huwa mwenzi wake. Niliwachukua wawili wadogo waliotofautiana ukubwa, hivyo walipangana wenyewe kwa siku chache tu za kutetemeka na kusukumana. Ningechukua wawili wakubwa walio sawa, au ningemwongeza wa tatu, ningekuwa na vita nyingine. Si kila klauni ni mpole pia: Amphiprion biaculeatus, yule mwekundu wa giza mwenye mwiba shavuni, ni mkali kwelikweli, na jike lake likikomaa katika tangi la ukubwa kama wa langu huweza kulifanya lote kuwa lake.

Kosa lililonisumbua akili zaidi lilikuja mwezi wa tano na wa sita, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndilo lililonifundisha kutazama. Nilinunua Gramma loreto, samaki wa Karibi ambaye mbele ni zambarau na nyuma ni njano, rangi moja ikiingia katika nyingine kwa vitone vidogo. Alichagua pango chini ya jiwe moja, akawa anaelea humo tumbo likiwa limeelekea dari ya pango, kama ilivyo desturi yao. Alikula siku ya pili. Klauni hawakumjali wala yeye hakuwajali, na kwa wiki nne tangi lilikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona. Kisha nikamwona Pictichromis paccagnella. Huyu anatoka Pasifiki ya magharibi, naye pia ni zambarau mbele na njano nyuma, ila mpaka wa rangi zake ni mkali kama uliopigwa kwa rula. Nilifikiri wawili hao wakikaa pamoja watapendeza.

Baharini samaki hawa hawakutani kamwe, maana bara zima la Amerika limekaa kati yao. Kwa hiyo nilijiaminisha kwamba hawana ugomvi wa asili. Sikuelewa kwamba samaki hahitaji kumjua adui yake kwa jina la aina. Humtambua kwa umbo, kwa rangi, na kwa mahali anapotaka kukaa. Na hawa wawili walikuwa na umbo moja, rangi moja, hamu ya mapango yale yale na chakula kile kile cha vipande vidogo vinavyopita na mkondo. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mshindani wa jamii yake aliyekuja kumpokonya nyumba. Gramma alikuwa wa kwanza kufika, na nilitegemea kwamba hilo lingemlinda, lakini mgeni alikuwa mrefu zaidi na mwili wake umejaa. Walifunguliana vinywa uso kwa uso siku nzima, na usiku wa pili gramma alihamia nyuma ya kichujio. Siku ya sita hakutoka tena.

Tangu hapo, ninapomtazama samaki ninayemtamani, siulizi kwanza kama ni mpole au mkali. Natazama walio ndani ya tangi langu na kujiuliza ni nani kati yao anayefanana naye kwa umbo, nani kwa rangi, na nani anakaa pale atakapotaka kukaa yeye. Mfanano wa jambo moja huvumilika mara nyingi. Wa mawili unahitaji tangi kubwa na uangalifu. Ukiwa wa matatu, namwacha kwa muuzaji hata kama wote wawili wanaitwa wapole katika kila orodha. Orodha za upatanifu zina manufaa yake, nami huzisoma, ila huzungumzia jamii kwa jamii na kunyamaza kuhusu samaki huyu mmoja, katika kioo hiki kimoja, aliyefika wiki nne kabla ya yule.

Wa nne kufa alikuwa Nemateleotris magnifica, samaki mwembamba mwenye pezi refu la mgongoni kama mshale na mkia wa rangi ya moto. Ni samaki mwoga. Akitishwa hukimbilia shimo lake, na akikosa shimo huruka. Yule Pictichromis alimfukuza mara mbili tu mbele ya macho yangu, nami nikaona ni jambo dogo. Asubuhi nilimkuta sakafuni amekauka, mita moja kutoka kwenye tangi. Alikuwa amepita katika upenyo niliouacha kwa ajili ya waya za pampu, upenyo usiozidi vidole viwili. Sasa tangi langu lina wavu wa juu wenye matundu ya milimita sita, umebana pande zote pamoja na penye waya. Ningemshauri kila mfugaji auweke kabla ya samaki wa kwanza, kwa kuwa hata aina zisizosifika kwa kuruka huruka zinapofukuzwa.

Kuhusu nani anamla nani, nitasema machache kwa sababu hapo sikukosea sana, na kanuni yake ni nyepesi: kinachoingia mdomoni kitaingia. Samaki simba wa jenasi ya Pterois ana utulivu wa ajabu, naye humeza samaki wadogo kwa utulivu huohuo. Vikande na bunju huvunja kaa na konokono wanaosafisha mawe. Vitatange wengi hudonoa matumbawe, na hata wale wadogo wa jenasi ya Centropyge hutofautiana, mmoja akiwaacha polipu, yaani viumbe wadogo wanaojenga tumbawe, kwa miaka na ndugu yake akianza kuwadonoa wiki ya tatu. Mtu mwenye matumbawe anayoyathamini asimnunue samaki wa namna hiyo kwa matumaini, labda kama yuko radhi kuyahamisha matumbawe au kumkamata samaki kwa dema nililolieleza.

Njaa ilikuja kwa sura nyingine. Synchiropus splendidus huenda ndiye samaki mwenye rangi nzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, buluu na chungwa vikiwa vimefumwa kama darizi, na hana ugomvi na samaki wa aina nyingine. Nilihesabu upole wake nikaona nimepata mwenzi salama. Lakini samaki huyu huishi kwa kudonoa kutwa nzima viumbe wadogo wanaotambaa juu ya mawe, hasa kopepodi, na wengi wao hawakubali chakula kilichogandishwa wala cha vidonge. Tangi langu lilikuwa na miezi saba tu, na mawe yake hayakuwa na kopepodi wa kutosha hata kama angekuwa peke yake. Tena Pictichromis naye aliwawinda. Alikuwa akizunguka mchana kutwa, akidonoa, nami nikadhani anakula. Baada ya wiki tano tumbo lilibonyea na mgongo ukaonekana kama ukingo wa kisu. Nilijaribu kumlisha viluwiluwi hai vya kamba kwa bomba la sindano, lakini nilikuwa nimechelewa. Kifo chake kiliniumiza kuliko vingine kwa sababu kilikuwa cha polepole na nilikitazama kila siku nikikidhania kuwa maisha ya kawaida. Upatanifu una upande huu ambao sikuupata katika orodha yoyote: je, wapo wengine wanaokula chakula chake kwa kasi kuliko yeye, na je, chakula hicho kipo?

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa na klauni wawili, Pictichromis, na samaki wawili wa aina ya Pterapogon kauderni niliowaleta mwezi wa tisa, wenye mistari myeusi na mapezi marefu, wanaoelea bila haraka katikati ya maji. Ilikuwa jamii iliyopatana vya kutosha. Ningesimama hapo. Badala yake nilimleta kangaja wa njano, Zebrasoma flavescens, akiwa na urefu wa sentimita saba. Nilijua kwamba hufikia karibu sentimita 20 na kwamba wafugaji wazoefu humtengea tangi la lita 400 au zaidi, kwa kuwa ni samaki wa kuogelea mbali akila mwani kutwa. Nilijiambia kwamba nitanunua tangi kubwa atakapokua. Ahadi ya tangi la baadaye haimsaidii samaki wa leo, na wengi wetu tunaoitoa hatuitimizi.

Kangaja alikwenda na kurudi mbele ya kioo siku nzima, akageuka mbele ya kona na kuanza tena. Alimwonyesha Pictichromis mwiba mkali ulio kwenye shina la mkia wake, na mara hii mbabe wangu akarudi nyuma. Siku ya tisa niliona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi juu ya mapezi yake. Ilikuwa ni Cryptocaryon irritans, kimelea kinachojulikana sana na wafugaji wa maji ya chumvi, nacho huwashika makangaja upesi kuliko samaki wengi, hasa walio katika mfadhaiko. Siku chache baadaye vidoa vilitoweka. Nilifurahi, nikaandika kwenye daftari kwamba amepona mwenyewe.

Hakuwa amepona. Kimelea hicho hukaa kwenye mwili wa samaki kwa siku tatu hadi saba, kisha hudondoka, hujifunga ndani ya gamba juu ya mawe au mchanga, hujigawa humo, na kutoa vizazi vingi vinavyoogelea kutafuta samaki mwingine. Kutoweka kwa vidoa ni kuzaliana kwa ugonjwa. Viliporudi, vilikuwa juu ya samaki wote, na ndani ya matamvua ambamo sikuweza kuviona. Kangaja alikufa kwanza. Pterapogon wote wawili walifuata katika siku nne. Dawa ya shaba ingeweza kuua vimelea, lakini shaba huua pia matumbawe, kamba, konokono na kila kiumbe asiye na uti wa mgongo, nayo hunywewa na mawe na kuendelea kutoka humo baadaye. Haiwekwi kamwe kwenye tangi la matumbawe. Niliwahamisha klauni na Pictichromis hadi kwenye tangi dogo lisilo na mawe wala mchanga, nikawatibu humo nikipima kiwango cha shaba kila siku, na tangi kubwa nikaliacha bila samaki hata mmoja kwa siku 76, muda ambao wafugaji wengi hutumia ili vimelea vyote vitoke kwenye magamba yao na kufa kwa kukosa samaki wa kumshika.

Nikihesabu gharama za mwaka ule, samaki waliokufa, matumbawe yaliyovunjika, dawa, vipimo na tangi la tiba vilizidi kile nilicholipa kwa taa na pampu kwa pamoja. Tangi dogo la karantini, lenye kichujio cha sifongo, kipasha joto na vipande vichache vya bomba la plastiki vya kujifichia, lingekuwa sehemu ndogo sana ya gharama hiyo kama ningelinunua mwanzoni. Sasa kila samaki hukaa humo wiki nne hadi sita. Faida yake haiishii kwenye ugonjwa. Humo ndimo samaki hujifunza kula ninachomlisha bila mtu wa kumpokonya, hunenepa, na kuingia kwenye tangi kubwa akiwa na nguvu za kujitetea.

Siku zile 76 ndizo zilizoniokoa, ingawa nilizianza kwa uchungu. Nilikaa mbele ya tangi lenye matumbawe na konokono tu, na kwa mara ya kwanza nililiona kama mahali, na si kama kioo cha maonyesho. Niliona kwamba kilima kimoja cha mawe kilimpa samaki mmoja uwezo wa kuona na kulinda kila kitu akiwa kileleni. Nikakifumua nikajenga visiwa vitatu vilivyotengana, kila kimoja na mapango yake, vikiwa vimepangwa ili aliye upande mmoja asimwone aliye upande wa pili. Kisha nikachora tangi kwenye karatasi, nikaligawa katika chini, katikati na juu, na kuandika nani atakaa wapi, atakula nini, na atafikia urefu gani akikomaa. Samaki asiyepata nafasi kwenye karatasi hakununuliwa. Pictichromis hakupata nafasi. Nilimpa mfugaji mwenye tangi kubwa la samaki wakakamavu, na huko ameishi bila kumuua yeyote. Hakuwa samaki mbaya, nilikuwa nimemweka kati ya majirani wasiomweza.

Utaratibu wa kuingia niliugeuza kabisa. Aliye mwoga kuliko wote alitangulia: Nemateleotris mmoja, kwa sababu wawili wasiokuwa wenzi hupigana hadi mmoja afe. Alikaa peke yake wiki tatu akichagua shimo lake. Baada yake alikuja Cryptocentrus cinctus wa njano pamoja na kamba wa aina ya Alpheus bellulus, ambao huishi shimo moja. Kamba huchimba na kutengeneza kuta, macho yake ni dhaifu, hivyo huweka kipapasio chake kimoja juu ya mwili wa samaki. Samaki hulinda mlangoni na kumjulisha hatari kwa kutikisa mkia. Nilipowaingiza walikuwa pande mbili tofauti za tangi, na asubuhi ya tatu niliwakuta pamoja chini ya kisiwa cha kushoto. Nimewatazama kwa saa nyingi tangu wakati huo na bado sichoki. Akafuata gramma, kisha Pterapogon wawili waliozalishwa na wafugaji. Hawa wa mwisho asili yao ni visiwa vya Banggai nchini Indonesia, eneo dogo sana, na uvuvi wa kuwauza ulichangia kuwafanya waorodheshwe mwaka 2007 kuwa aina iliyo hatarini kutoweka. Dume huatamia mayai mdomoni, hivyo huzaliana vizuri kwa wafugaji, na hakuna sababu ya kumnunua aliyetolewa mwituni. Waliozalishwa hivyo pia huja wakiwa wamezoea chakula cha kawaida.

Klauni, wenyeji wa tangu mwanzo, niliwarudisha mwisho. Hata wao walikuwa wameanza kuifukuza mikono yangu katika tangi la tiba, na sikutaka warudi kwenye nyumba tupu na kuidai yote.

Ninapomwingiza samaki mpya sasa, humweka kwanza katika kisanduku angavu chenye matundu kilichoning'inizwa ndani ya tangi, kwa siku tatu hadi tano. Wenyeji humwona, humtishia kupitia ukuta, huchoka, nami hujua ni nani wa kumwangalia. Kabla ya kumfungulia huwalisha wote wakashiba, husogeza jiwe moja au mawili ili mipaka ya zamani ivurugike, na huzima taa. Kuanzia siku inayofuata hutia chakula katika ncha mbili za tangi kwa wakati mmoja, ili mwenye nguvu asiweze kulinda zote mbili. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayoweza kuwapatanisha samaki wasiopatana kwa umbo, makao na chakula, nami nisingependa mtu azitumie kwa lengo hilo. Zinawasaidia wanaoweza kuishi pamoja wavuke siku za mwanzo.

Kabla ya kulipa, humwomba muuzaji amlishe samaki mbele yangu. Samaki asiyekula mbele ya macho yangu simchukui, hata akiwa wa mwisho, hata nikiwa nimemtafuta kwa miezi. Huuliza pia amekaa pale siku ngapi, na kama ni chini ya wiki moja hurudi baadaye. Mara mbili nimerudi nikakuta amekufa, na mara zote mbili huzuni yangu ilichanganyika na shukrani kwamba hakufia kwenye matumbawe yangu.

Tangi lina samaki saba kwa sasa, na katika miaka mitatu nimempoteza mmoja tu, gramma, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na gramma mwingine baada ya miezi mitano. Mwani umeanza kushika kwenye kisiwa cha kulia, na kwa muda mrefu nilipima kama nimlete Salarias fasciatus, samaki anayekwangua mwani juu ya mawe. Anakaa chini kama Cryptocentrus wangu na wote ni warefu wembamba, na hilo lilinizuia karibu nusu mwaka. Lakini mmoja anaishi shimoni mchangani na mwingine juu ya mawe, mmoja anakula nyama na mwingine mwani, rangi zao ziko mbali, na kisiwa cha katikati kiko kati yao. Yuko katika tangi la karantini, wiki ya tatu. Jana ameanza kula mwani uliobandikwa kwenye kioo.